Kinyundo, uma wa sauti na uzi wa gramu 10: vifaa gani vya kupimia mishipa ya fahamu vinastahili pesa yako

Mfuko wa vifaa vya kupimia mishipa ya fahamu, ule unaouzwa kwa wanafunzi wa utabibu, uuguzi na fiziotherapia, huwa na vitu vilevile kila duka: kinyundo chenye kichwa cha mpira cha pembetatu, uma wa sauti, kigurudumu cha miiba na kikurunzi. Zipu nzuri, kila kitu kimefungwa kwa mkanda wake. Ushauri wetu ni kuuacha mfuko huo dukani na kununua kimoja kimoja, ukikishika mkononi kwanza. Kifaa kibovu hapa hakikuachi bila jibu. Kinakupa jibu la uongo. Ukiandika kwenye jalada la mgonjwa kwamba refleksi ya goti (mguu kuruka wenyewe kano ikigongwa) haipo, wakati kilichokosekana ni uzito wa kinyundo, umeshampeleka mtu kutafutiwa ugonjwa asio nao.

Kinyundo

Kwanza tuelewane kinyundo kinafanya nini. Ukigonga kano iliyo chini ya pia ya goti, unauvuta ghafla msuli mkubwa wa mbele ya paja. Ndani ya msuli mna vipokezi vidogo vinavyopima urefu wake. Vikivutwa vinapeleka taarifa kwa nyuzi nene za neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizofunikwa na ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambazo ni miongoni mwa nyuzi zenye kasi kuliko zote mwilini: mita 70 hadi 120 kwa sekunde. Taarifa inaingia kwenye ugwe mgongo kwa upande wa nyuma, inavuka kiungo kimoja tu hadi kwenye seli ya neva ya mwendo iliyo upande wa mbele, seli hiyo inaamuru msuli ukaze, na mguu unaruka. Ubongo hauulizwi, unaarifiwa baadaye.

Jambo la kushika hapo ni kwamba vipokezi hivyo havijali sana umeuvuta msuli kiasi gani. Vinachojali ni umeuvuta kwa ghafla kiasi gani. Kinyundo chepesi, hata ukikigonga kwa nguvu za bega, husukuma kano badala ya kuishtua. Matokeo yake mpimaji anaongeza nguvu, mgonjwa anaumia, anakaza mguu kwa kujihami, na msuli uliokazwa hautoi refleksi inayosomeka. Kinyundo kizito chenye mpini mrefu huhitaji tu kuachiwa kianguke.

Chenye kichwa cha pembetatu kinaitwa cha Taylor, kwa jina la John Madison Taylor wa Philadelphia aliyekibuni mwaka 1888. Ubunifu wenyewe si mbaya. Ncha nyembamba ya pembetatu inafaa kwa kano ndogo, kwa mfano ile ya mbele ya kiwiko, ambayo unaigonga juu ya kidole gumba chako mwenyewe. Upande mpana unafaa goti. Kwa watoto kinatosha kabisa. Kasoro ni toleo la bei rahisi: mpira mwepesi kama wa kandambili, mpini wa bati ulio wazi ndani, urefu wa sentimita 20 hivi, na tundu la kichwa lililolegea kiasi kwamba kichwa kinazunguka mpini. Kinyundo cha namna hiyo kitakupa goti la kijana mwembamba, lakini kisigino cha mama mwenye miguu iliyovimba hutakipata.

Tunachopendekeza ni kinyundo cha Queen Square, kilichopewa jina la mtaa wa London wenye hospitali ya magonjwa ya neva. Kichwa chake ni kisahani cha chuma kilichozungushiwa pete ya mpira, mpini ni mrefu na mwembamba wenye kunesa kidogo. Vile vya mwanzo vilikuwa na mpini wa mwanzi. Uzito wote uko kichwani, kwa hiyo kinakwenda kama timazi. Kuna njia ya kukijaribu palepale dukani: shika mwisho wa mpini kwa kidole gumba na cha shahada tu, inua hadi kilale, legeza kifundo cha mkono. Kinyundo kizuri kinaanguka chenyewe, kinagonga na kurudi juu bila wewe kukisaidia. Kikikulazimu ukisukume, mrudishie muuzaji.

Nacho kina udhaifu wake. Pete ya mpira huchomoka, hasa ikikauka kwa jua la dirishani au kufutwa kila siku kwa maji ya klorini, na pete ikishatoka unampiga mgonjwa kwa chuma. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, usikiloweke. Angalia pia mahali mpini unapoingia kwenye kisahani: penye hesi ya plastiki hupasuka mapema, penye hesi ya chuma hudumu. Na hakiingii mfuko wa koti. Kwa anayezunguka wodini kutwa nzima huo ni usumbufu wa kweli, ingawa si sababu ya kurudi kwenye kile chepesi.

Kuna kingine chenye vichwa viwili, kikubwa na kidogo, na ndani ya mpini wake mmefichwa sindano na kibrashi. Hicho ni cha Buck. Kama kinyundo ni cha wastani. Ile sindano itupe siku ileile unapokinunua. Imetengenezwa ikae na kutumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, na hakuna kipimo cha hisia kinachostahili kumwambukiza mtu homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI.

Sasa matumizi, maana hata kinyundo kizuri hushindwa mkononi mwa mwenye haraka. Mgonjwa akae kwenye kitanda kirefu miguu ikining'inia, au alale nawe umpitishie mkono chini ya magoti yote mawili uyainue kidogo. Weka kiganja kimoja juu ya paja: mara nyingine msuli hukaza bila mguu kuruka, na mkono utahisi kile ambacho jicho limekikosa. Gonga kulia, kisha kushoto, kisha linganisha, kwa kuwa tofauti kati ya pande mbili ina maana kuliko ukubwa wa refleksi yenyewe. Kwa kisigino, mgonjwa alale, goti likunjwe na kutazama nje, nawe usukume wayo kidogo kuelekea juu ili kano itandazike kabla ya kuigonga. Kano iliyolegea haina cha kuvutwa.

Usiandike kwamba haipo kabla ya kumwambia mgonjwa afungamanishe vidole vya mikono miwili kama ndoano na kuvuta, nawe ugonge wakati anavuta. Njia hii inaitwa ya Jendrassik. Kwa refleksi za mikono, mwambie aume meno. Ikitokea kwa njia hiyo tu, andika 1. Isipotokea kabisa ni 0, ya kawaida ni 2, ya kasi kuliko kawaida ni 3, na ikiendelea kudundadunda yenyewe ni 4. Wazee wengi wenye afya hawana refleksi ya kisigino pande zote mbili, na hilo peke yake si ugonjwa. Na usiangalie tu kama mguu umeruka, angalia unavyorudi. Wayo uliopiga chini kwa kasi kisha ukarudi taratibu, kana kwamba umenasa kwenye uji mzito, unataka kipimo cha homoni za tezi la shingo.

Kila kano ina anwani yake kwenye ugwe mgongo, na anwani hizo zinakaririka kwa kuhesabu moja hadi nane: kisigino ni 1 na 2 za sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno), goti ni 3 na 4 za kiuno, mbele ya kiwiko ni 5 na 6 za shingo, nyuma ya kiwiko ni 7 na 8 za shingo. Neva za ugwe mgongo ni jozi 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, sakramu 5, na 1 ya kifandugu. Pingili za shingo ni 7 ilhali neva zake ni 8, na hapo wanafunzi wengi hupotea. Kosa jingine ni kudhani kwamba anwani ya nne ya kiuno iko nyuma ya pingili ya nne ya kiuno. Ugwe mgongo wa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini ni neva tupu zinazoshuka kama mkia wa farasi. Ndiyo sababu maji ya uti wa mgongo huchukuliwa chini ya hapo.

Refleksi ikizimika, tafuta shida kwenye mzunguko wenyewe: neva, mzizi wake, au seli ya neva ya mwendo. Ikizidi ukali, tafuta juu zaidi, maana ubongo na njia zake zinazoshuka ndizo zinazozituliza refleksi siku zote, na zikikatika hakuna wa kuzituliza. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huleta refleksi kali mkono na mguu wa kulia, kwa kuwa njia hizo huvuka kwenda upande wa pili kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo. Siku za mwanzo, hata hivyo, upande huo unaweza kuwa mlegevu usio na refleksi kabisa. Ukali huja baadaye.

Mfano wa karibu nasi kuliko vitabu vya Ulaya ni ugonjwa wa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa. Hutokea panapoliwa mihogo michungu isiyolowekwa ya kutosha, hasa wakati wa ukame, pamoja na lishe duni ya protini. Tanzania iliipata Tarime mwaka 1985. Mtu, mara nyingi mtoto au mama, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Ukigonga goti, mguu unaruka kwa ukali. Ukisukuma wayo juu kwa ghafla unadundadunda mkononi mwako. Hisia hata hivyo ni nzima. Kinyundo, bila mashine yoyote, kimekuambia kwamba tatizo liko kwenye njia za juu za mwendo na si kwenye neva za miguuni.

Ncha ya mpini wa Queen Square inakufaa kwa kipimo alichokieleza Joseph Babinski mwaka 1896. Kwaruza wayo taratibu kutoka kisigino, upande wa nje, kisha kata kuelekea chini ya kidole gumba. Tazama mwendo wa kwanza wa kidole gumba tu. Kikishuka ni kawaida. Kikipanda kwa mtu mzima, njia ya juu imeumia. Kwa mtoto mchanga kupanda ni kawaida, kwa sababu mayelini ya njia hizo bado haijakomaa. Ncha ikiwa kali, mgonjwa atauvuta mguu wote na hutajua lipi ni lipi, basi ipitishe msasa kidogo kabla ya kuanza kuitumia.

Uma wa sauti

Nunua wa hezi 128 (mitetemo 128 kwa sekunde), namba imechongwa kwenye shina. Wa 512 ni wa masikio. Maduka huwauzia watu wa 512 kwa ajili ya miguu kwa sababu ni mdogo na unaingia mfukoni, na hapo kipimo kimeharibika kabla hakijaanza: mtetemo wake unasikika zaidi kwa sikio kuliko kuhisika mfupani.

Mzuri una vizito viwili kwenye ncha za meno na kitako bapa cha kuweka juu ya mfupa. Uchunguze mahali shina linapoungana na kitako. Pakilegea hata kidogo, mtetemo unakufa hapohapo. Piga kwenye kitako cha kiganja, weka kwenye mfupa uliotokeza wa kifundo cha mkono wako, uhesabu. Ukizimika ndani ya sekunde 5, uache. Wa alumini haushiki kutu, na kwa Mombasa, Unguja au Mtwara hiyo ni hoja. Wa chuma cha pua ni mzito na hutetema vizuri, lakini chuma kilichopakwa kromu tu hubanduka kwa hewa ya chumvi.

Usiupige kwenye ukingo wa meza. Unatoa makelele ya ziada ambayo mgonjwa anayasikia na kudhani ndiyo unayomwuliza, na meno yakipinda namba iliyochongwa haina maana tena.

Uma unapima nyuzi nene zenye kasi, na njia inayopanda nyuma ya ugwe mgongo kwenda ubongoni. Mwonyeshe kwanza mgonjwa mtetemo kwenye kidari. Kisha afumbe macho. Weka kitako juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu, karibu na kucha, huku kidole chako kikiwa chini yake. Mwulize kama anahisi mtetemo, na akuambie ukikoma. Kosa kubwa ni kuuliza "unahisi?" Atasema ndiyo kwa sababu anahisi ubaridi wa chuma na mkandamizo. Jaribu mara moja kwa uma usiotetema. Akisema unatetema, rudi mwanzo umweleze upya. Bado unatetema chini ya kidole chako na yeye amesema umekoma? Panda kwenye kifundo cha mguu, kisha muundi, kisha mfupa wa nyonga, uandike umeanzia kuhisi wapi.

Hisia ya mtetemo ni miongoni mwa za kwanza kupungua kwenye kisukari cha muda mrefu, na hupungua pia kwa ukosefu wa vitamini B12, hali inayoweza kumpata anayetumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi. Uma wenye vipimo vya 0 hadi 8 kwenye meno, wa Rydel-Seiffer, unakupa namba badala ya ndiyo au hapana. Ni bora kwa kliniki inayofuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka. Kwa mwanafunzi ni gharama isiyo ya lazima.

Uzi wa gramu 10

Huu haumo kwenye mfuko, nao ndio kifaa kidogo kuliko vyote na chenye kuokoa miguu mingi kuliko vyote. Ni kipande cha nailoni kwenye kishikio, kinachopinda ukikikandamiza kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi chini ya wayo amepoteza hisia inayomlinda. Atakanyaga kijiwe kwenye kiatu na kutembea nacho kutwa nzima.

Weka uzi wima juu ya ngozi, sukuma mpaka upinde kama herufi C, ngoja sekunde moja, inua. Usiburuze. Pima chini ya kidole gumba, kisha chini ya mzizi wa kidole gumba na wa kidole cha mwisho. Kila mahali mara tatu, moja kati ya hizo iwe ya kujifanya tu, bila kugusa. Majibu mawili sahihi kati ya matatu yanatosha. Epuka sugu na kidonda: juu ya sugu hata neva nzima haitahisi, nawe utaandika ganzi pasipo na ganzi.

Kasoro ya nailoni ni kuchoka. Ukishapima watu 10 hadi 15, upumzishe saa 24 urudishe ugumu wake, na baada ya watu 70 hadi 90 uubadilishe. Unyevu nao huulainisha, kwa hiyo uhifadhi kwenye kopo lililofungwa. Ukitaka kujua kama bado unasema kweli, uweke wima kwenye mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, sukuma hadi upinde, usome. Ukipinda kwenye 6 au 7 umeshakwisha: unawaonyesha wazima kama wagonjwa. Mizani hiyohiyo ndiyo hukumu ya nyuzi za bei chee zisizo na maelezo yoyote, na ya mshipi wa kuvulia samaki unaokatwa na kubandikwa kwenye kijiti. Unene wa mshipi ukionekana sawa hautoshi. Urefu unaobaki nje nao unabadilisha nguvu ya kupinda.

Kwa mikono ya mgonjwa wa ukoma uzi huu ni mnene mno. Seti ya rangi rangi yenye nyuzi za gramu 0.2 na 2 ndiyo inayofaa, na kituo kinachohudumia wagonjwa hao kiinunue hata kama kitaahirisha kinyundo.

Kigurudumu na kikurunzi

Kigurudumu cha miiba hatukipendekezi kwa sababu ileile ya sindano ya Buck: miiba inatoboa, kukitakasa vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa ni kazi, na wengi hawaifanyi. Kijiti cha meno kinatosha, kimoja kwa mtu mmoja, kisha unakivunja. Sindano ya dawa nayo haifai; imechongwa ikate ngozi, ilhali unachotaka ni ukali tu.

Usikiruke kipimo chenyewe cha maumivu lakini. Maumivu na joto hupita kwenye nyuzi nyembamba, nyingine zenye kasi isiyozidi mita 2 kwa sekunde, na huvuka kwenda upande wa pili mara zinapoingia ugwe mgongo. Mtetemo huvuka juu kabisa, kwenye shina la ubongo. Kwa hiyo ugwe mgongo ukikatwa nusu, mtu hupoteza mtetemo na nguvu mguu wa upande uliokatwa, na maumivu mguu wa upande mwingine. Aliyelieleza hilo ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi mwaka 1817. Uma bila kijiti usingeonyesha picha hiyo.

Kikurunzi kiwe na mwanga mweupe mwembamba. Taa ya simu ni pana mno: inamulika macho yote mawili kwa pamoja, na kipimo chote ni kumulika jicho moja ukitazama mboni zote mbili. Mwanga huingia kwa neva ya pili ya kichwa na amri ya kusinyaza mboni hutoka kwa neva ya tatu kwenda pande zote mbili. Leta mwanga kutoka pembeni, si kutoka mbele, kwa sababu jicho linalotazama kitu kilicho karibu husinyaa mboni hata bila mwanga. Chagua chenye betri za kawaida za AAA. Vile vyenye betri bapa kama sarafu hufifia wiki ya pili, na betri yake mbadala unaweza kuitafuta mji mzima usiipate.